Diski ya Z imegoma baada ya umeme kukatika: msikubali kuwashiwa SMB1

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba, upande wetu wa Uganda. Tuna kompyuta saba za mezani. Faili zote za wateja ziko kwenye kompyuta ya mkurugenzi, yenye Windows 10, nasi wengine tunazifungua kupitia diski ya Z. Wiki jana umeme ulikatika usiku. Uliporudi, Z ikawa na alama nyekundu ya X kwenye kompyuta zote, na nikiibofya naambiwa haiwezi kufika \\192.168.1.105\Forodha, kosa 0x80070035. Intaneti ipo na printa inachapa. Tena kuna kompyuta mpya ya Windows 11 Pro ambayo haijawahi kuifungua Z hata kabla ya umeme kukatika. Yenyewe inasema sera za usalama za shirika letu zinazuia wageni, na sisi hatuna sera yoyote ya kompyuta. Fundi mmoja amesema dawa ni kuwasha SMB1 na kuruhusu wageni. Tumkubalie? Halafu mkurugenzi anataka aifungue Z akiwa Kampala.

Jibu: Dada yangu, pole. Najua Malaba lori likikwama kwa sababu ya karatasi, macho yote humgeukia karani. Faili zenu hazijapotea. Ziko palepale, ndani ya kompyuta ya mkurugenzi, na kama kuna mteja anayesubiri, nenda ukae kwenye kiti chake umfungulie faili lake kwanza, kisha urudi unisome. Kilichopotea ni njia ya kufika huko.

Na la fundi nikujibu mapema: hapana, msimkubalie. SMB1, toleo la kale la lugha ambayo kompyuta hutumia kuombana faili, haihusiani na shida zenu, na nitakueleza kwa nini nalisema hili kwa ukali.

Unazo shida mbili zilizokutana wiki moja, ndiyo maana zinaonekana kama moja. Ya kwanza ni ya kompyuta za zamani: zilikuwa zikifika, sasa hazifiki. Ya pili ni ya kompyuta mpya: yenyewe inafika mlangoni vizuri tu, ila inakataa kuingia kwa namna mlivyozoea kuingia. Tuanze na ya kwanza.

Hiyo herufi Z si kitu kilichomo ndani ya kompyuta yako. Ni kama jina ulilohifadhi kwenye simu. Umeandika "Mama Mdogo", na nyuma ya jina kuna namba. Mama Mdogo akibadilisha laini, jina litaendelea kukaa kwenye simu yako, lakini ukipiga hupati mtu. Nyuma ya Z yenu kuna 192.168.1.105. Namba hiyo kompyuta ya mkurugenzi haikuzaliwa nayo. Ilipewa na rauta. Rauta hugawa namba kwa kila kifaa kinachojiunga, na rauta nyingi ndogo za ofisi zikizimika ghafla husahau nani alipewa ipi. Umeme ukirudi, vifaa vyote vinaamka kwa pamoja na kugawiwa upya. Mimi nashuku kwamba 105 sasa iko kwenye simu ya mtu au haiko popote, na mkurugenzi amepewa nyingine.

Hakikisha usibahatishe. Kwenye kompyuta ya mkurugenzi bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

ipconfig

Tafuta mstari wa "IPv4 Address". Ukikuta, tuseme, 192.168.1.112, fumbo limekwisha. Ukikuta namba inayoanza na 169.254, basi kompyuta hiyo haikupewa namba kabisa na imejitungia yake. Angalia waya wake wa mtandao, angalia swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta, kama taa zake zinawaka, kisha uizime na kuiwasha.

Sasa rudi mezani pako ufanye ipconfig hiyohiyo. Mafungu matatu ya kwanza ya namba hiyo, yaani ile 192.168.1, lazima yafanane na ya mkurugenzi. Yasipofanana, mko kwenye mitandao miwili tofauti hata kama nyote mna intaneti. Hili hapa kwetu hutokea mno. Data ya ofisi ikiisha, karani anawasha hotspoti ya simu yake ili amalize kazi ya mteja, anasahau kurudi, na kesho yake analalamika kwamba Z imekufa. Au ofisi inanunua kirauta cha pili cha laini ya simu, nusu ya wafanyakazi wanaunganishwa huku na nusu kule. Diski ya pamoja haitumii intaneti wala haili data. Inatembea ndani ya waya na waifai ya ofisi peke yake. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, ofisi zilizokuwa na diski ya namna hii ziliendelea kufungua faili zao, huku zile zilizoweka kila kitu mtandaoni zikikaa mikono mitupu. Kwa hiyo msiidharau hiyo Z yenu. Inastahili kutengenezwa vizuri.

Mkiwa mtandao mmoja na umeshapata namba mpya, pima kama mlango wa kushirikishana faili uko wazi. Watu wengi hutumia ping, lakini ping inaweza kukataliwa wakati faili zinapita, au kukubaliwa wakati faili hazipiti. Kipimo cha kweli ni hiki. Fungua PowerShell, dirisha jingine la kuandikia amri, kutoka menyu ya Windows, uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.112 -Port 445

Namba 445 ndiyo mlango ambao SMB hupitia, na SMB ndiyo lugha ambayo kompyuta hutumia kuombana faili. Subiri jibu kwenye mstari wa mwisho, "TcpTestSucceeded". Ikisema True, njia ni nzima. Ikisema False, nenda kwenye kompyuta ya mkurugenzi, ufungue Settings, halafu "Network & Internet", uguse muunganisho wake na uangalie kama umeandikwa Public au Private. Windows ikidhani iko kwenye mtandao wa hadharani, kama ule wa hoteli au kituo cha basi, hufunga mlango huo, nayo inafanya vyema. Hiyo dhana inaweza kuja yenyewe mkibadilisha rauta. Uweke Private, upime tena.

Pia angalia kama kompyuta hiyo hailali. Mkurugenzi akitoka kwenda kula, kompyuta yake ikasinzia baada ya nusu saa, ofisi nzima inapoteza Z. Kwenye mipangilio ya umeme, weka kulala iwe "Never". Kioo kinaweza kuzimika, hakuna neno.

Unaweza leo hii kufuta Z ya zamani na kuiunganisha kwa namba mpya, na kazi itaendelea. Lakini umeme utakatika tena, na wewe wajua kuliko mimi ni mara ngapi. Dawa ya kudumu ni kuiambia rauta kwamba kompyuta ya mkurugenzi ipewe namba ileile siku zote. Kwenye dirisha jeusi la kompyuta yake andika ipconfig /all, unakili ile "Physical Address", jozi sita za herufi na tarakimu. Halafu tazama "Default Gateway", uiandike namba hiyo kwenye kivinjari. Huo ni ukurasa wa rauta yenu. Jina la kuingilia na nenosiri mara nyingi viko kwenye kibandiko chini ya rauta. Tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa namba, na ndani yake kitu kinachoitwa "Address Reservation" au "Static Lease". Weka zile jozi sita, weka namba unayotaka, tuseme 192.168.1.50, hifadhi, kisha zima na kuwasha kompyuta ya mkurugenzi. Kuanzia hapo umeme ukatike mara kumi, itaamka na 50. Rauta ikiwa ni ya kampuni ya intaneti na hamna nenosiri lake, wapigieni simu wawafanyie; ni kazi ya dakika tano.

Kuna watakaokwambia uache namba, utumie jina la kompyuta, kama \\MKUU-PC\Forodha. Linafanya kazi, na kwenye mtandao mdogo mara nyingi hakuna taabu. Mimi binafsi naamini zaidi namba iliyotengwa, kwa sababu utafutaji wa majina kwenye mitandao isiyo na seva hutegemea kompyuta kuitana kwa sauti, na siku nyingine hazisikii.

Sasa tuje kwenye kompyuta mpya, ambako ndiko kwenye jambo zito.

Ule ujumbe kwamba "sera za usalama za shirika" zinazuia wageni umewachanganya wengi, na si kosa lako kushangaa. Shirika linalosemwa hapo si ofisi yenu. Ni mipangilio ambayo Microsoft yenyewe iliiweka ndani ya Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024. Toleo hilo linakataa mambo mawili kwenye diski za pamoja. Linakataa kuingia kama mgeni, yaani bila jina wala nenosiri linalotambulika. Na linataka kila ujumbe wa SMB upigwe saini, ili mtu aliyejificha katikati ya mtandao asiweze kuugeuza njiani. Saini hiyo hutengenezwa kutokana na nenosiri la anayeingia. Mgeni hana nenosiri, basi hana cha kutilia saini, basi anarudishwa.

Hapo naweza kukwambia kilichotokea ofisini kwenu bila kufika. Aliyewaunganishia Z alikwenda kwenye kompyuta ya mkurugenzi akazima sharti la nenosiri, akaipa folda ya Forodha ruhusa ya "Everyone", na kila kompyuta ikaingia kama mgeni. Windows 10 Pro ilivumilia. Windows 11 mpya haivumilii. Hata mngehamisha faili zote kwenye kompyuta nyingine mkabaki na desturi hiyo, mngekwama vilevile.

Sasa SMB1 inaingiaje hapa? Haiingii. Windows 10 na Windows 11 zote zinazungumza toleo la 3.1.1 la SMB, na hazihitaji babu yao. SMB1 ina mizizi miaka ya 1980, enzi ambapo mtandao wa ofisi ulikuwa chumba kimoja chenye watu wanaofahamiana. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilitumia kasoro ya SMB1 kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu yeyote kubofya chochote. Kwa siku chache iligusa zaidi ya nchi 150, ikafunga faili za watu kwa ufunguo wa siri na kudai dola 300 za Bitcoin kwa kila kompyuta. Hospitali za umma Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kasoro hiyo Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla, lakini wengi hawakukiweka. Mwishoni mwa 2017 Microsoft ikaanza kuiondoa SMB1 kwenye Windows mpya. Mtu anayetaka kuirudisha ili tu kompyuta ya Windows 11 ifungue faili za Windows 10 anatibu jino kwa kukata mguu. Kuna mashine kuukuu, kama vile fotokopi zinazotuma karatasi zilizoskaniwa kwenye folda, ambazo hazijui lugha nyingine. Hata hizo ningezitafutia njia nyingine kabla ya kuigusa SMB1.

Pengine fundi wenu alishaiwasha SMB1 kabla hamjamuuliza. Kwenye kila kompyuta andika "Turn Windows features on or off" kwenye utafutaji wa Windows, uangalie mstari wa "SMB 1.0/CIFS File Sharing Support". Kisanduku chake kiwe tupu.

Kuhusu wageni, naomba unisikilize vizuri zaidi, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakilia. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa mashariki ambayo diski yao ya pamoja ilikuwa wazi kwa wote, kila mtu anasoma, kila mtu anafuta. Mfanyakazi mmoja alifungua ankara iliyokuja kwa barua pepe. Haikuwa ankara. Programu iliyojificha ndani haikuhitaji SMB1 wala ujanja wowote. Iliiona diski ya pamoja kama alivyoiona yule mfanyakazi, ikaandika juu ya kila faili kwa ruhusa zake. Faili za miaka minne zikabadilika mikia ya majina yake na kukataa kufunguka. Mwenye ofisi alinitazama kama daktari, nami sikuwa na la kumwambia, maana nakala ya akiba ilikuwa ndani ya diski hiyohiyo. Ninyi mnaweka pasipoti za watu, namba zao za kodi, mikataba yao. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawataka mzilinde, na hata isingekuwapo, mteja aliyekukabidhi pasipoti yake amekuamini.

Kwa hiyo kila mtu awe na jina lake na nenosiri lake. Ni kazi ya asubuhi moja. Kwenye kompyuta ya mkurugenzi fungua cmd kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator". Kwa kila mfanyakazi andika mstari kama huu:

net user rehema * /add

Ile nyota inaifanya kompyuta ikuombe nenosiri mara mbili. Unapoandika herufi hazionekani, usishtuke. Tumieni majina ya watu, msitengeneze akaunti moja ya "ofisi" ya kugawana. Mtu akiacha kazi unafuta lake moja, wengine hawasumbuki, na faili likifutwa mna pa kuanzia kuuliza. Na nenosiri lisiachwe tupu kwa kudhani ni rahisi: Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti isiyo na nenosiri kuingia kupitia mtandao.

Kuna mtego hapa ambao umewakwamisha hata mafundi wazuri. Akaunti zilizotengenezwa kwa amri hiyo huwa na nenosiri linaloisha muda baada ya siku 42. Kila kitu kitakwenda vizuri mwezi wa kwanza, halafu asubuhi moja Z itakataa kwa wote na hakuna atakayekumbuka sababu. Kwenye dirisha lilelile andika:

net accounts /maxpwage:unlimited

Najua wapo wanaopenda manenosiri yabadilishwe kila mwezi. Kwa ofisi ya watu saba, mimi napendelea nenosiri refu linalobadilishwa mtu anapoondoka, kuliko fupi linaloandikwa upya kwenye karatasi na kubandikwa ukingoni mwa kioo.

Kisha bofya kulia folda ya Forodha, Properties, kichupo cha Sharing, "Advanced Sharing", halafu Permissions. Muondoe "Everyone", ongeza majina uliyotengeneza, uwape "Change" na "Read". Ukimaliza nenda kichupo cha Security, uongeze watu walewale na kuwapa "Modify". Msikomee njiani hapo. Ruhusa hizi mbili ni malango mawili yaliyofuatana, na lililo jembamba ndilo linaloamua: ukimfungulia mtu lango la Sharing ukamsahau kwenye Security, atafika mpaka mlangoni mwa folda na kuambiwa "Access is denied". Asiye na haja ya kuandika, kama kijana wa mazoezi, mpe "Read" tu. Na mishahara isikae humo. Itengenezee folda yake, ya mkurugenzi na mhasibu.

Mwisho rudisha sharti la nenosiri: Control Panel, "Network and Sharing Center", "Change advanced sharing settings", sehemu ya "All Networks", chagua "Turn on password protected sharing". Kuanzia hapo wageni wamefungiwa.

Sasa unganisha Z kwenye kila kompyuta, mpya na za zamani. Kwanza ifute ile ya zamani. Fungua cmd ya kawaida, safari hii usitumie ile ya msimamizi, kwa sababu diski inayounganishwa kwa cheo cha msimamizi mara nyingi haionekani kwenye dirisha lako la kawaida. Andika:

net use Z: /delete

Kisha fungua "This PC". Kwenye Windows 11 gusa zile nukta tatu juu, kwenye Windows 10 fungua kichupo cha Computer, uchague "Map network drive". Herufi iwe Z. Kwenye nafasi ya folda andika \\192.168.1.50\Forodha, ukiangalia kwamba mikwaju yote ni ile inayolalia kushoto. Weka tiki kwenye "Reconnect at sign-in" na kwenye "Connect using different credentials".

Litatokea dirisha la jina na nenosiri, na hapa nusu ya watu hukosea. Usiandike rehema peke yake. Andika MKUU-PC\rehema, ukiweka jina halisi la kompyuta ya mkurugenzi mahali pa MKUU-PC. Jina hilo utalipata kwa kuandika hostname kwenye cmd yake. Ukiandika jina la mtu tupu, Windows inaweza kudhani unamtaja mtu wa kompyuta yako wewe, na akaunti hiyo kule haijulikani. Nenosiri ni lile la akaunti mliyotengeneza. PIN ya tarakimu nne unayowashia kompyuta asubuhi haitakubalika hapa, maana PIN ni ya kompyuta moja tu na haisafiri kwenye mtandao. Weka tiki kwenye "Remember my credentials".

Ikikwambia kwamba kuna muunganisho mwingine kwa jina tofauti, kosa 1219, maana yake kompyuta yako bado inakumbuka ulipoingia kama mgeni. Andika net use * /delete, toka kwenye akaunti yako, ingia tena. Ikikataa nenosiri ambalo una hakika nalo, fungua "Credential Manager" ndani ya Control Panel, upande wa "Windows Credentials", ufute chochote kinachotaja namba ya mkurugenzi.

Ukitaka kuona kwa macho yako kwamba hamkuhitaji SMB1, fungua PowerShell kama msimamizi kwenye kompyuta mpya Z ikiwa wazi, uandike Get-SmbConnection. Tazama safu ya "Dialect". Itasema 3.1.1. Mwonyeshe fundi wenu kwa heshima. Pengine naye hakuwahi kuambiwa.

Alama nyekundu ya X inaweza kurudi siku moja moja kwenye kompyuta zinazotumia waifai, asubuhi tu unapowasha. Windows hujaribu kuunganisha Z kabla waifai haijawa tayari, inakata tamaa, inaweka X. Ibofye mara mbili. Ikifunguka, hakuna ugonjwa. Ndiyo maana kompyuta za mezani nazipendelea waya.

Na baada ya umeme kukatika mnaweza kuambiwa faili la Excel limefungwa na mtu ambaye hata hayupo kazini. Excel ikifungua faili huacha kijifaili kilichofichwa kinachoanza na ~$, na umeme ukikatika hakifutwi. Hakikisheni hakuna aliyelifungua kweli, kisha mkifute.

Pesa mliyotaka kumlipa fundi ningependa iende kwenye betri ya akiba, UPS, ya kompyuta ya mkurugenzi, na rauta na swichi zichomekwe humohumo. Diski inayozimwa ghafla ikiwa katikati ya kuandika ndiyo inayoharibika kweli, na hiyo hakuna amri ya kuirudisha. Pamoja nayo, nunueni diski mbili za nje. Moja inakiliwa Ijumaa na kuchomolewa, akaenda nayo mkurugenzi nyumbani. Wiki inayofuata zinabadilishana. Isiyochomekwa haiwezi kufikiwa na virusi. Halafu mjue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta inayobeba faili za ofisi nzima ndiyo ingestahili kuhamishiwa Windows 11 kabla ya nyingine zote.

Kuhusu mkurugenzi akiwa Kampala: anaweza, ila si kwa kufungua mlango 445 wa rauta uelekee intaneti. Mtu akipendekeza hivyo mkatalieni, kwa sababu zipo programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga mlango huo mmoja. Na kwa laini nyingi za simu lisingefanya kazi hata mkijaribu, maana wateja wengi hugawana anwani moja ya nje. Anachohitaji ni VPN, njia iliyofungwa kwa siri kati ya laptopu yake na ofisi. Programu kama Tailscale inawekwa kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye laptopu yake, na inapita hata kwenye laini hizo. Akishaunganishwa, ataiita kompyuta ya ofisini kwa ile namba ambayo Tailscale imeipa, inayoanza na 100, na ataingia kwa jina na nenosiri lake kama ninyi wengine. Mwambie tu asifungue faili kubwa za skani kwa njia hiyo akiwa barabarani. Azinakili kwanza kwenye laptopu yake, azisome, na kompyuta ya ofisini iwe imeachwa ikiwaka.